Mbao za Dirisha la Nne

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti, saa tatu asubuhi, Goreth alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, uani mwa nyumba aliyopanga chumba huko La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, akipuliza vipande vya mbao. Kati ya miguu yake kulikuwa na beseni la maji. Alichukua kipande cha mwaloni chenye urefu wa kidole cha kati, akatia ncha moja majini na nyingine mdomoni, akapuliza. Mapovu yakatokea, naye akakitupa kwenye rundo la kuni. Mwaloni mwekundu una vitundu vinavyopitisha pumzi kama mrija, na wiski iliyolazwa nao huwa na ukakasi wa ndizi mbichi. Mapovu yasipotokea, huo ni mwaloni mweupe, nao ndio unaofaa.

Kupika pombe kali alifundishwa na mama yake, kwao Rumonge, Burundi. Kule kinywaji hicho huitwa kanyanga, hunywewa kikiwa cheupe kama maji, na anayekinywa hana maswali. Watu wa Johannesburg wana madaha zaidi. Walinzi wa Hillbrow wanaotoka zamu na mafundi cherehani wa Rosettenville wanataka kitu chenye rangi ya chai, kinachoitwa wiski, na rangi hiyo haitoki popote isipokuwa kwenye mbao. Kwa hiyo Goreth huchagua mbao, na kwa kuchagua hana mpinzani kusini yote ya jiji.

Huanza kwa kuondoa ubavu wa nje wa ubao, ule uliokuwa karibu na gome, kwa kuwa hauna kitu ndani. Kisha hupitisha sumaku kutafuta misumari, maana msumari mmoja uliosahaulika huifanya wiski iwe nyeusi kama wino. Vanishi huiondoa yote. Kipande kikishakuwa safi hukifunga kwa karatasi ya alumini, hukiweka kwenye oveni muda wa saa mbili mpaka chumba kinuke mkate, halafu hukibabua kidogo kwa moto wa gesi. Lakini kabla ya hayo yote huuliza swali ambalo ndilo kubwa: mbao hizi zilikuwa wapi, na zilisikia nini.

Mwaloni husahau polepole, na pombe huukumbusha. Anayekunywa huyasema yale ambayo ubao uliyasikia. Jambo hilo La Rochelle nzima inalijua na halimsumbui mtu. Benchi la kanisa la Wareno kutoka Troyeville liliwafanya wanywaji waimbe nyimbo za Bikira Maria kwa Kireno, sauti ya pili, bila kukosea, na wateja waliomba lingine. Mbao za mapipa kutoka mashamba ya zabibu ya Cape ziliwafanya wainuke jua linapozama, wakinge vikombe kwa mikono miwili na kuomba kwa Kiafrikana mvinyo waliokuwa wakipewa badala ya mshahara. Hizo Goreth aliziacha, kwani walevi wa kuomba anao wa kutosha. Kwenye harusi ya binti mmoja wa Bukavu alipeleka wiski ya ubao wa kitanda bila kuuliza kitanda kilikuwa cha nani, na bwana harusi alimaliza jioni akimwita nesi kwa sauti ya bibi kizee wa Kizungu. Tangu hapo huuliza. Mchungaji wake humkemea kila baada ya miezi michache, lakini anachokemea ni pombe.

Jumamosi hiyo Gustave aliingia uani akisukuma kitoroli. Gustave ni seremala kutoka Uvira, mtu mrefu asiye na papara, anayenunua samani kuukuu minadani na kuzigeuza makabati. Mbao zinazobaki humletea Goreth. Ndani ya kitoroli mlikuwa na kipande cha kaunta, kirefu kiasi cha mtu aliyelala.

"Mama Benita," alisema, "leo niko na kitu ya maana. Iko mwaloni mweupe wa kweli. Nimepuliza mwenyewe."

"Umeutoa wapi, Papa Gustave?"

"Kwa ile ofisi ya makaratasi ya wakimbizi, ile ya zamani ya mjini. Walihama, vyombo vyote wakauza. Hii njo kaunta yao."

Goreth alikiweka chini kipande alichokuwa anapuliza.

Mume wake, Didier, aliiegemea kaunta hiyo kila Alhamisi kwa miaka minne. Alikuwa ameomba hifadhi kwa ajili yake, mke wake na mtoto wao, na kila Alhamisi aliambiwa arudi Alhamisi. Ili kuwahi foleni alilala getini. Baridi ya mwaka 2013 ilimwingia kifuani, akafa mwezi wa saba. Goreth alipokwenda kuulizia faili aliambiwa faili la mtu huyo halipo na halijawahi kuwepo. Toka siku hiyo yeye na mtoto wake wanaishi bila karatasi, kwa hisani ya watu wanaofumba macho: mwenye nyumba, mwalimu mkuu, askari mmoja wa kituo cha jirani ambaye hupenda wiski ya benchi la kanisa.

Mtoto huyo ni Benita, na mwaka huo alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha mwisho. Chuo kimoja cha uuguzi kilikuwa kimekwisha kumpa nafasi, kwa sharti la kufaulu mtihani na kujisajili kwa karatasi halali kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Januari. Kufaulu hakukuwa na shaka, maana Benita ni mtu wa kuwa wa kwanza. Karatasi ndiyo haikuwepo, na chuo hakifumbi macho.

"Tafuta dirisha la nne," Goreth alimwambia Gustave. "Alisimama la nne. Siku moja nilimsindikiza, mtoto mgongoni. Karani alikuwa kijana mwenye miwani."

Waliilaza kaunta juu ya kreti. Ilikuwa nene kama tofali. Upande wa nje viwiko vya watu vilikuwa vimeing'arisha, na upande wa ndani mihuri ilikuwa imeacha mashimo madogo yenye wino wa buluu. Gustave alipitisha penseli mahali palipokuwa na namba za shaba. Namba nne ilikuwa imeacha kivuli chake kwenye ubao.

Mtu mwingine angekata upande wa viwiko, akafurahi. Goreth alitaka vipande vinavyotoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu mwombaji husema upande huu na karani hujibu upande ule, na ukikata katikati unapata nusu ya mazungumzo. Hakumruhusu Gustave atumie randa. Randa hula mwaka mzima kwa pasi moja. Aliiparuza vanishi mwenyewe kwa kipande cha chupa, taratibu, mpaka saa nane mchana. Oveni aliiwasha kidogo tu, na gesi hakuigusa. Mbao za ofisi ukizibabua hubaki manung'uniko matupu.

Vipande tisa viliingia kwenye chupa pana ya kioo iliyokuwa ya achari, pamoja na kanyanga kali ya mpiko wa pili. Rangi ilianza kutoka kabla ya jioni.

Pombe huingia ndani ya mwaloni mnene mwaka mmoja kwa wiki moja, kuanzia juu. Kaunta ilikuwa imetumika hadi mwaka huohuo wa 2024. Kuufikia mwaka 2009, ambao Didier aliomba hifadhi, zingehitajika wiki kumi na sita. Goreth alihesabu kwa vidole, na ikaangukia Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Muda ulikuwa unatosha.

Goreth mwenyewe hanywi. Aliacha alipookoka, akabaki na kupika. Kwa hiyo mdomo ulikuwa wa Gustave. Kila Jumapili baada ya ibada aliketi kwenye kiti cha plastiki uani, Goreth akataja jina la Didier, Gustave akameza kifuniko kimoja cha wiski, na ubao ukajibu. Ofisi yenyewe haikuwahi kujibu upesi namna hiyo. Benita aliketi kando na daftari la shule, kwa sababu mdomo ulisema Kiingereza cha makarani, na makarani hawana subira. Benita anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili, husema, ni lugha ya kuitwa kula.

Kwa wiki kumi na moja Didier hakuwepo. Gustave alisema kwa sauti za kike na za kiume kwamba mtandao haupo, kwamba picha ni ndogo mno, kwamba leo wanahudumiwa Waethiopia tu na Waethiopia wamekwisha kuondoka. Jumapili moja mwanamke asiyejulikana alilia kupitia kwake kwa muda wa kuchemsha chai, halafu Gustave akajifuta macho na kuomba mkate. Benita aliandika yote. Alikuwa anajiandaa kwa mitihani, na aliandika huku kitabu cha baiolojia kikiwa magotini.

Wiki ya kumi na mbili, mwaka 2013, Gustave alikohoa. Goreth alikitambua kikohozi kabla ya sauti.

"Habari za asubuhi, bosi wangu," Gustave alisema, kwa Kiingereza kibovu ambacho hakikuwa chake. "Samahani, bosi wangu. Nauliza tu kama kuna habari."

Kalamu ya Benita ilisimama. Alikuwa na miaka sita baba yake alipokufa.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye," Goreth alisema.

Goreth aliumia, na si kwa sababu ya kikohozi. Mume wake alikuwa mbishi. Alibishana na mwenye nyumba, na mchungaji, na redio. Kwa miaka kumi na moja alimkumbuka hivyo, akiwasimulia watu vituko vyake, na hakujua kwamba kulikuwa na mtu duniani ambaye Didier alimwita bosi. Angejua angemkataza kwenda, na angekosea, lakini angemkataza.

Jumapili iliyofuata kikohozi kilikuwa kidogo. Iliyofuata hakikuwepo. Kadiri pombe ilivyoshuka ndani ya ubao, Didier alizidi kuwa kijana, na sauti yake ilizidi kunyooka. Samahani zilipungua. Goreth alianza kuvaa kitenge chake kizuri na hereni kwa ajili ya saa hiyo ya mchana, akajipaka na mafuta, na Gustave, ambaye ni mtu wa heshima, alianza kunyoa ndevu. Benita alijaribu mara mbili kumuuliza baba yake jambo. Hakujibiwa. Ubao hausemi usichokisikia.

Wiki ya kumi na sita ilifika. Jua la Desemba lilikuwa kali, na majirani walikuwa wanachoma nyama.

"Bosi wangu, leo nimekuletea mtoto," Gustave alisema, kwa sauti ya kijana anayejua kuchekesha. "Mwangalie vizuri kabla hajaolewa."

Benita alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, na Goreth akamtazama kwa sababu kicheko kilikuwa kile kile cha baba yake.

Kisha zilikuja sauti mbili za makarani, wakiwa wamebaki wenyewe.

"Huyu Mrundi, mke na mtoto mmoja, amekubaliwa," ilisema ya kwanza. Mdomo wa Gustave ukatoa mshindo wa mhuri. "Mwite umpe."

"Amekuja mikono mitupu," ilisema ya pili, ya kijana. "Kila Alhamisi mikono mitupu. Iweke chini kabisa kwenye droo. Atajifunza."

Droo ikafungwa mdomoni mwa Gustave. Baada ya hapo aliomba maji. Benita aliandika tarehe na kupiga mstari chini yake. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo watu husema, na Didier alikuwa mtu wa kujifunza upesi mambo mengine yote, lakini hilo hakujifunza hadi alipokufa. Goreth aliingia ndani akaviosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa. Alikuwa na hasira ya kuvivunja, lakini vyombo ni vyake.

Jioni hiyo alivitoa vipande vyote kwenye chupa kwa kijiko. Vingeachwa wiki nyingine vingeshuka hadi 2008, na mwaka huo Didier alikuwa hajafika nchini. Wiski iliyobaki ilijaza nusu ya chupa ndogo.

"Hii chupa njo shahidi yako," Gustave alimwambia. "Usicheze nayo."

Ofisi mpya ya wakimbizi ilifunguliwa tena baada ya sikukuu. Alhamisi ya pili ya Januari Goreth na Benita walipanga foleni tangu alfajiri, wakafika mbele saa tano, wakamtaka msimamizi. Msimamizi alikuwa na kibao kifuani kilichoandikwa Steve. Miwani yake ilikuwa minene zaidi kuliko zamani na nywele zilikuwa zimerudi nyuma, lakini Goreth alimjua. Aliwakaribisha ofisini kwake kwa adabu, akawapa viti.

Kwao Goreth, mtu haendi kuomba jambo zito kwa maneno makavu. Hubeba kinywaji, hukiweka katikati, hulisema ombi lake juu yake, kisha humimina. Hiyo si rushwa, na anayeita rushwa hajalelewa. Anayeombwa ana hiari: akikiacha kikombe amekataa, na hakuna ugomvi. Akinywa, ombi limeingia ndani ya mwili wake, na hawezi tena kulitoa bila aibu. Mwenye kuomba humimina na kumimina, mpaka mgeni afunike kikombe kwa kiganja.

"Mama, hapa si Rumonge," Benita alimnong'oneza kwa Kiingereza. "Tumpe kidogo tu asikie. Kifuniko kimoja."

"Binadamu ni binadamu," Goreth alisema. "Tafsiri."

Benita alitafsiri. Goreth alisema jina la mume wake, mwaka, dirisha, na chuo cha uuguzi, akamimina kwenye kikombe cha chai cha msimamizi. Steve alikinusa, akanywa. Kwa kikombe cha kwanza mdomo wake ulisema habari za asubuhi, bosi wangu. Kwa cha pili ulisema mwangalie kabla hajaolewa. Hakufunika kikombe, kwa kuwa hakujua kwamba kinafunikwa, na Goreth akamimina cha tatu. Ndipo mdomo wa Steve ukasema, kwa sauti ya Steve, ila changa, kwamba amekuja mikono mitupu, na iwekwe chini kabisa kwenye droo.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza ujumbe wa simu.

"Huyo ni mimi," alisema. "Nilikuwa na sauti nyepesi wakati ule." Aliandika kitu kwenye karatasi ndogo. "Ni wiski nzuri hii. Umetumia mwaloni gani?"

"Wenu," Goreth alisema.

Steve aliitikia kwa kichwa, akawaambia watafute habari Alhamisi.

Goreth alitoka akiwa na furaha. Mtu huyo alikuwa amekunywa mara tatu, kwa hiyo alikuwa amekubali mara tatu. Njiani, kwenye robot, taa za kuvukia barabara kuu, alimshika Benita mkono kama mtoto, na Benita akamwachia. Nyumbani alipika wali na maharage na samaki wa kukaanga, akamwita Gustave. Gustave aliiinua chupa kwenye mwanga. Kilichobaki kingejaza kifuniko kimoja.

"Mama Benita," alisema polepole, "shahidi umempa hakimu amunywe."

"Amekubali. Amekunywa."

"Kwenu amekubali. Kwake amekunywa." Akaiweka chupa mezani, mbali na watoto wa jirani waliokuwa wanacheza mlangoni. Hawakulizungumza tena. Samaki walikuwa wazuri.

Wiki iliyofuata matokeo ya mtihani yalitoka, na Benita alifaulu masomo yote kwa alama za juu. Alhamisi Steve alisema bado anatafuta. Alhamisi iliyofuata, ya tarehe ishirini na tatu, faili lilikuwa limepatikana. Droo ile haikuuzwa na vyombo vingine. Ilikuwa imehamishwa ikiwa imefungwa, ikawekwa mahali palepale kwenye meza ya Steve, na hakuna aliyeifungua. Aliwaonyesha karatasi kwa mbali. Ilikuwa na mhuri wa buluu wa 2009 na majina matatu, na la tatu lilikuwa Benita. Alieleza kwamba bado ni halali, kwa kuwa karatasi isiyochukuliwa haizeeki. Ila inachukuliwa na mwenyewe, aliyeomba, ana kwa ana.

"Mwenyewe amekufa," Goreth alisema, na Benita akatafsiri.

"Nasikitika," Steve alisema. "Kanuni haisemi aliye hai. Inasema mwenyewe."

Asiyekuwepo na lake halipo. Waswahili husema hivyo kwa mzaha, mtu akichelewa chakula. Ofisi ile ilikuwa imelifanya sheria. Benita, ambaye hakumlilia mtu, aliuliza kwa Kiingereza chake cha shuleni kama sauti ya mwenyewe inatosha. Steve alifikiri. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa mzima, akasema sauti inakubalika, mradi afisa anaitambua.

Walirudi Alhamisi ya mwisho, tarehe thelathini. Usajili wa chuo ulikuwa unafungwa kesho yake, saa kumi jioni. Benita alikuwa amebeba bahasha yenye vyeti, picha nne na barua ya chuo, ili kutoka pale aende moja kwa moja. Gustave alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Goreth alikuwa na kitenge kizuri na hereni, na chupa mkononi.

Kaunta za ofisi mpya ni za plastiki nyeupe. Walielekezwa dirisha la nne. Steve alikuja mwenyewe, akaketi, akaitoa karatasi kwenye droo, akailaza mbele yake na kuifunika kwa kiganja. Pembeni ya vidole vyake herufi za mwisho za jina la Benita zilionekana vizuri.

"Karibuni," alisema.

Goreth alimimina kifuniko, akasubiri mpaka tone la mwisho likatoka shingoni mwa chupa. Alitaja jina la mume wake. Gustave akameza.

"Habari za asubuhi, bosi wangu," Didier alisema.

"Habari za asubuhi, Didier," Steve alisema. "Ni siku nyingi."

"Nauliza tu kama kuna habari."

Sauti ilikuwa yake, na afisa alikuwa ameitambua, na mashahidi walikuwa wawili. Steve aliitazama karatasi chini ya kiganja chake. Kisha aliitazama chupa mkononi mwa Goreth. Aliitazama kwa muda, akainamisha kichwa kidogo ili aone kama kuna kilichobaki ndani, na ndani mlikuwa hamna kitu. Akafungua droo, akainua karatasi nyingine zilizokuwamo, akaiweka ile chini kabisa, akafunga.

"Bado," alisema. "Rudi Alhamisi."

Benita alimwambia kwamba usajili unafungwa kesho. Alimwambia kwa Kiingereza, kisha akamwambia tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, lugha ambayo Steve haijui. Steve aliitikia kwa kichwa mara zote mbili.

"Asante, bosi wangu," Didier alisema.

Halafu aligeuka upande wa kushoto, mahali ambapo mke wake alisimama na mtoto mgongoni siku ile aliyomsindikiza, palepale alipokuwa amesimama na sasa. Alimtazama kwa macho ya Gustave. Ladha ilikuwa inakaribia kuisha, lakini ilitosha.

"Usijali, Mama Benita," alimwambia. "Alhamisi si mbali."